Jasusi wa Halua

Ningekuwa na kamera,
hata mbovu isong'ara,
na waigizaji bora,
kisa hiki ningetia.

Mwaka ni arobaini
na sita, vita vi chini;
kule Matrahi sokoni
mchele wa kugawia.

Milima yote ni mawe,
jua lakaanga mwewe;
walalao wapepewe,
maji dari humwagia.

Vita vimekwisha, ila
wapelelezi hulala
macho wazi, kila hila
wapate kuchungulia.

Meli yafika mchana,
yashusha mpishi, bwana
wa halua ya maana,
Khelefu bin Zakaria.

Abeba mwiko begani,
umefungwa kanga ndani;
aliye mbali haoni
ila bunduki, nambia.

Na miwani ina ufa,
kiatu chataka kufa,
huchechemea kwa sifa,
kisigino kinalia.

Kumbe simu yamtaja
jasusi atayekuja:
"Miwani: ufa mmoja.
Na huchechemea pia."

Kapteni wa ubalozi,
suruali fupi, pozi,
chai yake tangawizi
mapaja kayamwagia.

"Mleteni, kwa hadhari!"
Dilimuradi, hodari
wa Kibulushi, tayari
kwa pingu kamvamia.

Kumpekua mifuko:
"Barua hii si yako?"
"Ya mama, yahusu mwiko."
Hakuna wa kusikia.

"Aliyekutuma nani?"
"Mama." "Na yupo mjini?"
"Yupo Wete, yu jikoni."
"Kambi!" karani katia.

Barua nayo yasema:

"Sukari: ratili tatu.
Wanga koroga kwa utu.
Usimuonjeshe mtu
kabla haijatulia.

Saa mbili usiache,
kuni kavu uzichoche.
Shangazi usimfiche
fungu la kumwandalia."

Kapteni: "Ratili? Bomu!
Wanga ni unga wa sumu!
Shangazi, huyo muhimu,
ndiye mkuu, sikia!"

"Tulipike!" kaamuru.
Moto ukaleta nuru,
karani, jasho kufuru,
mwiko akizungushia.

Khelefu, pingu mkono,
asaga meno kwa meno:
"Mtaiunguza mno!
Nipeni!" Wakamwachia.

Harufu ya zafarani
ikashuka ngazi chini,
ikatoka barazani,
mji ikauvutia.

Na jasusi wa hakika,
aliyekwisha kushuka
juzi, hakutambulika,
foleni kajipangia.

Ufa anao, na guu
la kuburuta, na juu
yake, hati za wakuu
kofiani kazitia.

Dilimuradi kamwona:
"Baba, foleni hapana,
kwa mguu huo, bwana,
pita mbele." Kaingia.

Hapana chombo cha meza,
njaa ikamuongoza,
hati akazitandaza,
halua kazipakia.

Wino, mafuta, sukari
vikachanganyika; siri
za dola kubwa, kwa heri,
vidole kajilambia!

Kapteni, jicho kufumba,
kaandika: "Huyu mwamba
si jasusi. Nawaomba
sukari kunitumia."

Jasusi? Hakukamatwa.
Alibaki, akaitwa
mteja; dukani kutwa
sahani kasubiria.

Na shangazi, roho chungu,
hakupata hata fungu;
hadi kufa, babu yangu
"mhaini" kamwitia.

Kamera sijaipata,
ila ukinifuata,
sahani moja 'takuta,
nami nakusimulia.

Mwiko ningali ninao,
ukutani, ndio ngao;
wageni, na hoja zao,
"Bunduki?" huniambia.